Majirani Wenye Nyembe za Mawe

Ukiuliza katika miinuko ya Murang'a ni akina nani walioishi huku kabla ya Wakikuyu, jibu halichelewi: Wagumba. Walikuwa watu wafupi, wazee watakuambia, wawindaji waliojichimbia mashimo ardhini, wakayaezeka na kuyafanya makao. Yapo masimulizi yanayowapa ufundi wa kufinyanga vyungu, na mengine yanayosema hata ufuaji wa chuma ulitoka kwao. Kisha wakatoweka. Huyu atasema waliingia msitu wa Nyandarua wasionekane tena. Yule atasema walioana na wageni hadi hapakubaki wa kuitwa Mgumba. Pamoja nao wanatajwa Waathi, wawindaji wa msituni waliotoa ngozi, asali na pembe za ndovu wakapewa mbuzi. Upande wa Kiambu, Waathi ndio ambao Wakikuyu husema walinunua ardhi kwao, baada ya pande mbili kufanywa ndugu kwa sherehe.

Nalipenda simulizi hili kwa jinsi lilivyo na adabu. Hadithi ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, huanzia Mukurwe wa Nyagathanga, humu humu Murang'a, na ingeweza kudai kwamba nchi ilikuwa tupu. Haikudai hivyo. Kumbukumbu ya watu imewaachia wengine nafasi, ikawakiri kuwa ni majirani, wafanyabiashara, walimu, na mara nyingine wakwe. Godfrey Muriuki, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikusanya kauli za wazee na kuzipima katika kitabu chake cha mwaka 1974, A History of the Kikuyu, 1500–1900. Aliwachukulia Wagumba na Waathi kama watu wa historia, si mazimwi ya kutishia watoto. Swali linalobaki ni la mchimbaji: watu wa kale wa nchi hii waliacha nini ardhini?

Udongo mwekundu wa Murang'a umetokana na lava na majivu ya volkeno. Una tindikali, na mvua za Nyandarua hazimpi mfu nafasi ya kuhifadhika. Mfupa haudumu humo. Mti huoza, ngozi huoza, kamba huoza, jiwe hubaki. Ndiyo maana tukaziita enzi hizo Zama za Mawe, ingawa watu wenyewe bila shaka walishika miti, ngozi na nyuzi mara nyingi kuliko walivyoshika mawe. Tunahukumu jiko zima kwa mafiga matatu yaliyobaki. Lakini jiwe ni shahidi msemaji kuliko linavyodhaniwa, mradi mtu ajue kulihoji.

Mmoja wa watu wa kwanza kuyahoji mawe ya nchi ya Wakikuyu alikuwa mtoto. Louis Leakey alizaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kabete, akakua na wavulana wa Kikuyu, akazungumza lugha yao kama mzaliwa na kuingia jandoni na rika la Mukanda. Alipokuwa bado mvulana, jamaa yake wa Uingereza alimletea zawadi ya Krismasi: kitabu cha watoto cha H. R. Hall kiitwacho Days Before History, kinachosimulia maisha ya mvulana wa Zama za Mawe. Kitabu kilitaja vifaa vya gumegume. Leakey hakujua gumegume likoje, basi akaokota kilichofanana na picha: vibanzi vyeusi, vyenye kung'aa na makali, vilivyofichuliwa pale barabara na mitaro ilipokata ardhi. Havikuwa gumegume hata kidogo. Vilikuwa obsidiani, kioo kinachotokana na lava iliyopoa haraka.

Wenyeji walivijua vibanzi hivyo na walikuwa na maelezo yao. Waliviita nyembe za mizimu, wakisema huteremka na mvua. Wengi waliosimulia habari hii wameitaja kama kisa cha ushirikina cha kuchekesha. Mimi naona uchunguzi mzuri ndani yake. Vibanzi kweli huonekana baada ya mvua, kwa kuwa maji huosha udongo uliovifunika. Na kweli ni nyembe: ukingo wa obsidiani iliyobanduliwa sasa hivi ni mwembamba kuliko wa kisu cha chuma. Wazee wa Kabete walikuwa wameshajua kazi ya kifaa na namna kinavyoonekana. Jambo la mwenye mali ndilo waliloliacha kwa mizimu. Arthur Loveridge, aliyekuwa msimamizi wa jumba la makumbusho la Nairobi, alimhakikishia kijana kwamba baadhi ya vibanzi vyake vilichongwa na binadamu. Akamshauri aandike kila kimoja alikokiokota.

Leakey alirudi kutoka masomoni Cambridge mwaka 1926 akiwa na msafara wake wa kwanza wa akiolojia, akaanza kuchimba karibu na Nakuru na Elmenteita. Ukoo wake ukapata umaarufu ambao kila mtoto wa shule Afrika Mashariki ameusikia. Kwa haki ningependa jina la Heslon Mukiri nalo lisikike, Mkikuyu aliyefanya kazi naye kwa miongo mingi, kuanzia maeneo ya Bonde la Ufa hadi Olduvai. Macho yaliyozoea kutofautisha kibanzi na changarawe ni ujuzi wa miaka, na mara nyingi yalikuwa macho ya watu kama yeye.

Ujuzi wenyewe unaanza na namna jiwe linavyopasuka. Kazi hii huonekana ya nguvu hadi ujaribu. Fundi hushika jiwe-mama kwa mkono mmoja na jiwe la kugongea kwa mwingine. Lazima atafute ukingo ambao pembe yake haifiki nyuzi 90, agonge ndani kidogo ya ukingo huo, kwa mshazari. Akigonga pembeni mno anapata unga. Akigonga ndani mno jiwe halitoi kitu, au linapasuka ovyo na kuharibika. Pigo likikaa, nguvu yake hupita ndani ya jiwe kama wimbi na kubandua kibanzi chenye makali. Si kila jiwe linakubali pia. Obsidiani hutii; lava laini hutii kiasi; jiwe lenye chembe kubwa hukatika linavyotaka lenyewe.

Kila pigo huacha alama. Chini ya pale palipogongwa kibanzi huwa na kivimbe, na upande wake wa ndani huwa na mistari ya mawimbi inayotoka kwenye kivimbe hicho. Kovu linalolingana nacho hubaki juu ya jiwe-mama. Kwa kuwa kovu la baadaye hukata la awali, mtaalamu anaweza kusoma pigo lipi lilitangulia, lilitoka upande gani, fundi aligeuza jiwe mara ngapi kabla ya kulitupa. Hakuna mfupa unaoeleza hivyo. Fuvu huonyesha ukubwa wa ubongo, lakini mfuatano wa makovu huonyesha ubongo huo ukifanya kazi, ukiamua hatua baada ya hatua.

Mfuatano wa zamani kuliko yote tunayoijua uko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mwaka 2011 timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ilipotea njia kwenye makorongo, ikakanyaga mahali palipotapakaa mawe yaliyopasuliwa. Walipotangaza matokeo mwaka 2015, umri ulitajwa kuwa miaka milioni 3.3. Mawe hayo ni makubwa mno, mengine ya kilo kadhaa, mengine yanafika kilo 15. Inaonekana mpasuaji alilinyanyua jiwe-mama kwa mikono miwili na kulibamiza juu ya jingine lililolala chini, au aliliweka juu ya jingine akaliponda. Hakuna mabaki ya jenasi yetu, Homo, yenye umri huo. Yaliyo ya kale zaidi yana takriban miaka milioni 2.8. Basi aliyekuwa akipasua mawe Lomekwi huenda alikuwa Kenyanthropus au mmoja wa akina Australopithecus, kiumbe mwenye ubongo usiozidi sana wa sokwe. Wapo wataalamu wanaoupinga umri huo, wakidai haijathibitika vya kutosha kwamba mawe yalikuwa kwenye tabaka lake la asili. Mabishano hayajaisha, nayo ni ya afya.

Nyayanga hakuna shaka ya namna hiyo. Hapo ni rasi ya Homa, kando ya Ziwa Viktoria, ambapo timu ya Thomas Plummer na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilikuta vibanzi na mawe-mama pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Wakati huo huo Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mlima tunaoutazama kutoka Murang'a kila asubuhi isiyo na ukungu, ulikuwa ukiwaka. Volkeno hiyo ilitema moto kati ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita, na inakadiriwa ilipanda zaidi ya mita 6,000 kabla ya barafu na mvua kuichonga. Watu hupenda kuuita mlima ishara ya umilele. Ufundi wa kupasua jiwe ni rika lake.

Nyayanga imetoa habari nyingine iliyonigusa zaidi. Miongoni mwa mabaki yaliyokutwa na vifaa mna magego mawili ya Paranthropus, yule binamu mwenye taya nzito ambaye vitabu vya shule vilimweka pembeni kama mla majani asiyejua kitu. Pengine ndiye aliyeshika kisu. Pengine alikuwa mawindo. Na uchambuzi uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kuwa mawe mengi mazuri ya Nyayanga hayakutoka hapo. Yalibebwa kutoka umbali unaozidi kilomita 10. Mawe ya karibu yalikuwepo, lakini yalikuwa laini, makali yake yakifa upesi. Kiumbe huyo aliokota jiwe gumu mahali ambapo hakuwa na nyama, akalibeba kwa saa kadhaa akiwa na kazi ya kesho kichwani.

Kubeba huko ndiko kunakotutenga na jamaa zetu. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba tumbili wa Serra da Capivara, Brazili, hugonganisha mawe na kuangusha vibanzi vyenye makali vinavyofanana kabisa na vya kale. Magazeti yalishtuka. Tofauti ni kwamba tumbili hao hawajaonekana wakivitumia vibanzi. Hulamba vumbi la jiwe wakaenda zao. Kwa hiyo makali peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa akili. Ushahidi ni yale yanayofuata: kuchagua, kubeba, kurudia, kukata.

Karibu miaka milioni 1.76 iliyopita, huko huko magharibi mwa Turkana, linatokea shoka la mkono: jiwe lililochongwa pande zote mbili hadi likapata umbo la tone la maji, ncha juu na kitako cha kushika chini. Hapa fundi hakutafuta makali tu. Aliliona umbo ndani ya jiwe kabla hajaanza. Anayetaka kuyaona kwa wingi aende Kariandusi karibu na Gilgil, ambako mengine yamechongwa kwa obsidiani, au Olorgesailie kwenye barabara ya Magadi, ambako Louis na Mary Leakey waliyakuta mwaka 1942 yakiwa yametapakaa juu ya ardhi kwa mamia. Yaliyochimbwa yameachwa mengine palepale, na mgeni hutembea juu ya daraja la mbao akiyatazama.

Nakiri mashoka haya hunichosha kidogo. Ni mazuri, lakini yalichongwa kwa umbo lile lile kwa zaidi ya miaka milioni moja. Taifa gani limewahi kushika mtindo mmoja hata kwa miaka 500? Olorgesailie yenyewe ina mashoka ya miaka milioni 1.2 na ya miaka laki 5, na mtu asiye mtaalamu hawezi kuyatenganisha. Kuna utiifu hapo unaotisha. Mtoto alimwiga mzazi, naye akaigwa, vizazi makumi ya maelfu, bila aliyesema tujaribu vingine.

Halafu mambo yakabadilika, na badiliko hilo linatuleta karibu na Murang'a. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Rick Potts na Alison Brooks ilitangaza matokeo ya tabaka za juu za bonde la Olorgesailie, zenye umri wa takriban miaka laki 3. Mashoka makubwa hayapo tena. Vipo vifaa vidogo, vyepesi, vilivyopangwa kwa uangalifu, vingine vya kutiwa kwenye mpini. Zipo rangi nyekundu na nyeusi zilizokwanguliwa kwenye mawe. Na ipo obsidiani, ambayo haipatikani hapo. Ilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 50 kwa mstari ulionyooka, na mara nyingine kilomita 90, katika nchi ya milima na makorongo.

Obsidiani ina sifa moja iliyoifanya kipenzi cha watafiti. Kila mlima ulioitema uliipa mchanganyiko wake wa madini, ambao maabara inaweza kuusoma. Harry Merrick na Francis Brown walianza miaka ya 1980 kupima vipande vya Kenya na kuvirudisha kwenye machimbuko yake. Machimbuko makubwa yako kuzunguka Ziwa Naivasha na mlima Eburru. Tazama ramani: Naivasha na mji wa Murang'a ziko karibu kwenye mstari mmoja, mashariki na magharibi, kilomita kama 80 zikitenganishwa na ukuta wa Nyandarua, ambao kilele chake cha Kinangop kinafika mita 3,906. Juu ya uwanda wa Kinangop, ng'ambo tu ya ukuta huo, wawindaji wa Zama za Kati za Mawe waliacha karakana za obsidiani. Lukenya, kusini-mashariki mwa Nairobi, vimekutwa vipande vya obsidiani kutoka upande wa Naivasha, safari ya zaidi ya kilomita 100. Na vile vya Kabete, nyembe za mizimu, navyo vilivuka kutoka Bonde la Ufa, kwa kuwa udongo wa Kabete hauzai kioo.

Mtu mmoja anaweza kutembea kilomita 100. Lakini vipande hivi havionyeshi safari za mtu mmoja. Vinaonyesha njia iliyotumika kwa vizazi, kipande kikipita mkono hadi mkono. Hapo ndipo jiwe linapoanza kusema habari za majirani. Ukiwa na obsidiani kutoka kwa watu wasio ukoo wako, lazima kuna namna ya kuwafikia bila kupigwa mkuki, kuna salamu mnayoelewana, pengine kuna binti aliyeolewa huko. Stanley Ambrose alichimba pango la Enkapune ya Muto, juu ya mteremko wa Mau magharibi mwa Naivasha, akakuta ushanga wa maganda ya mayai ya mbuni wenye umri wa miaka kama 40,000. Yeye ameufikiria kuwa zawadi za kufunga urafiki wa mbali, jambo ambalo wawindaji wa Kalahari wamelifanya hadi nyakati zetu. Mtu wa njaa wa mwaka wa ukame alikuwa na mlango wa kubisha.

Jambo la pili ambalo jiwe husema ni kuhusu mafunzo. Lokalalei, Turkana, timu ya Hélène Roche iliokota vibanzi vya miaka milioni 2.34, ikakaa mezani kwa subira kubwa ikivirudishia kwenye mawe-mama yao, kimoja kimoja. Iligundua kuwa fundi alikuwa akibandua makumi ya vibanzi kwenye jiwe moja, akilinda pembe ile ya kugongea hadi mwisho. Huwezi kulijua hilo kwa kubahatisha. Mwaka 2015 jaribio lililofanywa na Thomas Morgan na wenzake lilipima jinsi ufundi huu unavyorithishwa: watu 184 wakapewa kazi ya kupasua jiwe, wengine wakionyeshwa tu matokeo, wengine wakitazama, wengine wakifundishwa kwa ishara, wengine kwa maneno. Waliofundishwa ndio waliofanya vizuri, na maneno yaliongeza zaidi. Waliotazama tu hawakuwazidi sana waliopewa mawe bila maelezo. Kwa hiyo nyuma ya kila jiwe-mama zuri kuna mtu aliyekaa karibu na mtu mwingine akimsahihisha mkono.

Mtu huyo tunamchora daima kama mwanamume mwenye ndevu. Tuangalie Konso, kusini mwa Ethiopia. Huko, hadi miaka ya karibuni, wanawake watengenezaji wa ngozi wamekuwa wakichonga vikwaruzo vya mawe, wakiokota jiwe zuri kwa kusafiri, wakilipasua, wakilitia kwenye mpini wa mti na kukwangua ngozi ya ng'ombe. Kathryn Weedman Arthur, aliyekaa nao, ameeleza kuwa ujuzi huo hupita kwa mama hadi binti na huchukua miaka mingi kukomaa. Aliye bora ni mwanamke wa makamo, si kijana mwenye misuli. Hiyo ndiyo iliyo karibu kabisa na karakana hai ya mawe tuliyo nayo Afrika Mashariki, na imeshikwa na akina mama. Nchi inayohesabu koo zake kwa mabinti wa Mumbi haipaswi kushangaa.

Tukirudi nyumbani, picha tuliyofundishwa ni ya ngazi: jiwe, kisha ufugaji, kisha chuma, kila mmoja akimfukuza aliyetangulia. Ardhi haikubaliani na ngazi hiyo. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Bonde la Ufa lilikuwa na wafugaji wenye ng'ombe, mbuzi na vyungu vizuri, na visu vyao vilikuwa vya obsidiani kutoka Eburru. Hawakuwa watu wa pangoni waliosubiri kuendelea. Kisu chao kilitosha.

Upande wa Nyeri ushahidi uko wazi zaidi. Mwaka 1971 mwanaakiolojia wa Kifini, Ari Siiriäinen, alichapisha matokeo ya uchimbaji wake wa Gatung'ang'a, akiitaja hoja ya Wagumba hata kwenye kichwa cha makala. Makazi hayo ni ya enzi ya chuma, yakiwekwa karibu na karne ya 12 hadi ya 14. Yalikuwa na vyungu, chuma, na pamoja navyo mawe yaliyochongwa. Yaani miaka kama 700 iliyopita, wakati Kilwa ikitengeneza sarafu zake na kujenga misikiti ya matumbawe, chini ya Kirinyaga chuma na jiwe vilikuwa nyumba moja, au nyumba mbili zilizokopeshana moto. Siiriäinen aliyaunganisha mabaki hayo na Wagumba kwa tahadhari. Mimi sihitaji uhakika wa jina. Kinachonitosha ni kwamba simulizi la wazee, la wafua chuma na wawindaji wa mashimoni waliojuana, si ndoto. Linafanana na tabaka.

Sasa linganisha na walivyotutazama wageni. William Scoresby Routledge alifika nchi ya Wakikuyu mwanzoni mwa karne ya 20, akaja baadaye na mkewe Katherine, wakaishi kati ya Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na Nyeri. Kitabu chao cha mwaka 1910 ni hazina. Kinaeleza kwa picha na kwa makini jinsi Wakikuyu walivyookota mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito, wakauosha, wakauyeyusha kwa makaa na mivuo, wakaufua upanga na mkuki. Kitabu hicho wakakipa jina With a Prehistoric People. Watu waliowatazama wakiyeyusha chuma mbele ya macho yao, wenye mahakama za wazee, masoko ya siku maalumu na mikataba ya ardhi, waliwaita watu wa kabla ya historia. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Katherine hasa aliandika kwa heshima. Lakini jina lilifanya kazi yake. Mtu wa kabla ya historia hana hati ya shamba.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoona kati ya masimulizi mawili. Wakikuyu walikutana na watu wa mawe wakawaita majirani, wakanunua kwao na kuoa kwao, ingawa hawakukosa kuwatania kwa ufupi wao. Wageni walikutana na wafua chuma wakawasukuma nyuma hadi enzi ya mawe.

Chuma cha mchanga chenyewe hakikudumu. Waya na chuma cha kununua dukani vilipoenea, tanuri zikazimwa katika miongo ya kwanza ya ukoloni, na wafua vyuma wakabaki kufua cha madukani. Jiwe lilikuwa limeshaondoka kitambo kimya kimya.

Udongo uliolifunika umepinduliwa mara nyingi tangu wakati huo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Fort Hall kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi iliyowaangukia wanawake zaidi, hadi mwaka 1948 wakaandamana na kuikataa. Miaka ya 1950 yakaja mashamba kuunganishwa na vijiji vya hali ya hatari. Kisha kahawa, majani chai juu karibu na msitu, misingi ya nyumba za mawe, barabara za lami zinazokata kilima ubavuni. Kila mtaro ni uchimbaji usio na daftari.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayeokota kifaa cha kale kutoa taarifa na kuonyesha mahali hasa alipokiona. Kwenye mtaro wa shamba, hilo si gumu. Usikioshe. Kiache kilipo ukiweza, ukipige picha na kitu kinachoonyesha ukubwa, kalamu au sarafu. Angalia kilikuwa kina gani kutoka juu, udongo ulikuwa mwekundu au mweusi, kulikuwa na makaa au vigae karibu. Andika jina la kijiji na la kijito kilicho karibu, kisha peleka habari kwa ofisi ya makumbusho.